Picha ya Miguu Iliyooshwa

Miguu yangu ilioshwa kwa maji ya moto asubuhi ile. Nilikanusha jambo hili kwa mwaka mzima. Nilimkanushia daktari, nikamkanushia mume wangu, na wifi yangu, ambaye ndiye aliyeyachemsha maji yenyewe, nilimdanganya kwa njia nyingine nitakayoieleza. Sasa ninaandika nikiwa nimebaki na mguu wa kulia, na ninaona sina tena kitu cha maana cha kukilinda kwa uongo.

Siandiki ili nihurumiwe. Nimehurumiwa hadi nikachoka. Kuna jirani zangu hapa Makole ambao wakiniona wanapunguza sauti kama wamepishana na jeneza. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi ana mguu mmoja ulio wa baridi kuliko mwenzake, na amejiambia kwamba ni sakafu.

Mimi nilisema ni sakafu. Tulikuwa tumeweka marumaru sebuleni, nikazilaumu. Baadaye nikalaumu viatu, kisha umri. Nina kisukari, wakati ule kilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nikikiita "sukari yangu" kwa upole, kama mtu anayemtaja ndugu mwenye tabia mbaya kidogo. Mguu wa kushoto ulianza kupoa wakati watu wanavuna uwele. Nikitembea kwenda sokoni, shavu la mguu lilikuwa likikaza kama limefungwa kamba, na dawa yake ilikuwa kusimama. Basi nikawa nasimama kila duka, nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Mwenye duka la vifaa vya umeme aliamini kabisa kwamba nataka feni, tena mwezi wa sita, upepo wa Dodoma ukikata masikio.

Jioni moja wifi yangu Perusi aliniletea beseni. Perusi ni dada wa mume wangu. Alihamia kwetu alipofiwa na mumewe, na mimi na yeye tumezoeana kiasi cha kutukanana bila kukasirika. Aliweka maji ya moto, akatia chumvi, mimi nikatumbukiza miguu, na kwa nusu saa mguu wa kushoto ulikuwa mguu tena.

Hapa lazima nieleze aibu yangu ilikotoka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeandika makala katika gazeti moja la kila wiki kuwacheka watu wanaotibu kila ugonjwa kwa kukanda. Nilituita taifa la beseni. Ilipendwa sana, watu walinisimamisha barabarani kunipongeza. Kwa hiyo beseni la Perusi liliingia chumbani mlango ukiwa umefungwa, na mume wangu Elia, ambaye anafundisha hesabu sekondari huko Chamwino na hurudi mwisho wa wiki, hakuambiwa.

Asubuhi ya siku yenyewe ilikuwa ya Jumanne, mwezi wa saba. Niliamshwa na maumivu ambayo sikuwahi kuyaona, ya mguu uliolala tu kitandani bila kufanya kosa lolote. Vidole havikusogea. Ngozi ilikuwa na rangi ya jivu la jana. Perusi aliufunua, akaushika, akanyanyua macho kunitazama.

"Wifi, huu mguu ni wa nani?"

"Acha utani."

"Sina utani. Mguu huu kama umetolewa kwenye friji. Vaa, twende hospitali."

"Nioshe miguu kwanza."

"Watakuosha huko huko."

"Wanioshe! Kwani mimi maiti?"

Mtu asiyelelewa na mama yangu anaweza asielewe. Sisi tulizaliwa saba, Mpwapwa, na kila safari ya zahanati ilianza na beseni. Mama aliwahi kukaripiwa na nesi mbele ya watu kwa sababu ya vumbi lililoganda kwenye visigino vyake, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wake aliyeonwa na daktari akiwa na miguu ya shambani. Alimwosha hata kaka yangu aliyevunjika mkono. Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha, nimeandika; lakini daktari akitajwa, mimi huangalia visigino vyangu.

Perusi akachemsha maji huku akinung'unika. Nikatumbukiza miguu yote miwili, nikaisugua kwa jiwe, nikaipaka mafuta, nikavaa soksi nzito za sufu. Ilichukua muda. Tulipanda bajaji tukiwa watu safi.

Hospitali sitaitaja. Ilinitendea kama hospitali zinavyotenda, kwa watu wachache na kazi nyingi. Pale idara ya dharura, mgonjwa huonwa haraka kwanza ili ijulikane nani hawezi kusubiri, na aliyenipokea alikuwa daktari kijana aliyejitambulisha kwa jina la Upendo. Perusi alikuwa amebaki dirishani na kadi ya bima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alitoa simu iliyochomekwa kidude kidogo chenye jicho. Akanieleza kwamba ni kamera inayoona joto badala ya rangi, kwamba ngozi yetu nyeusi huficha wekundu na weupe ambao vitabu vinawaambia wautafute, na kwamba wao pale walikuwa wakijaribu kuona kama picha ya joto inaweza kuwasaidia kumtambua mapema mgonjwa ambaye damu yake haifiki inakotakiwa. Alieleza vizuri, kwa furaha ya mtu aliyepewa kitu kipya akakipenda. Halafu akaangalia jina langu kwenye karatasi.

"Samahani. Wewe si ndiye yule wa gazetini? Taifa la beseni!"

Nikakiri kwa unyenyekevu wa uongo.

"Mungu wangu! Tuliisoma hosteli kwa sauti. Tukaenda kumsomea na matroni, akakasirika." Alicheka hadi akaweka simu chini. Kisha akavuta fomu. "Haya, lazima niulize, ni utaratibu kabla ya picha. Leo miguu imeingia kwenye maji ya moto? Umeota moto? Umepaka dawa ya kuchua?" Alikuwa ameanza kucheka tena kabla hajafika mwisho. "Naona hata aibu kukuuliza wewe."

"Mimi tena?" nikasema.

Akaweka alama kwenye kisanduku cha "hapana". Niliiona kalamu ikishuka.

Alinivua soksi, akasimama hatua moja mbali, akapiga. Akanionyesha. Miguu yangu miwili ilikuwa pale kwenye kioo, rangi ya papai lililoiva, inang'aa, mizuri kuliko nilivyowahi kuiona. Haikuwa imepita nusu saa tangu niitoe majini.

"Joto sawasawa pande zote," alisema. "Hii inaelekea ni mishipa ya fahamu, mambo ya sukari. Maumivu yake ni makali lakini unaweza kusubiri." Akanifunga utepe wa njano mkononi, akamtuma nesi anipe dawa ya maumivu. Wenye utepe mwekundu walikuwa wakiingia ndani moja kwa moja. Sisi wa njano tulielekezwa kwenye benchi. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nataka kusema ukweli kuhusu benchi lile, kwamba ilikuwa sehemu nzuri. Perusi alikuja akasalimia ukumbi mzima, "Mbukwenyi!", na watu watatu wakaitika kwa Kigogo, na kutoka hapo tukawa ukoo. Kulikuwa na mzee aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda, kichwa kimezungushiwa kanga ya mkewe, yenye maua.

"Nasikia wewe umepigwa picha ya rangi," aliniambia.

"Nimepigwa."

"Bahati yako. Mimi nimepigwa na lami tu."

"Na ungepigwa zaidi," mkewe akasema, "kama ningekuwa nimekuja na mwiko."

Tulicheka. Dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi, au ndivyo nilivyodhani. Maumivu yalikuwa yakipungua na mahali pake pakawa hapana kitu. Nilifurahi. Ukiona mguu uliokuwa ukiuma sana umenyamaza ghafla huku vidole havisogei, usifurahi. Hilo ni moja ya mambo machache ninayoweza kukwambia kwa uhakika.

Kabla ya adhuhuri Perusi aliniinamia sikioni. "Wifi, yale maji uliwaambia?"

"Hawakuuliza."

"Nikawaambie?"

"Kaa chini, Perusi. Unataka watuone sisi watu wa namna gani?"

Akakaa. Hapo ndipo nilipomdanganya, na nilimdanganya kwa neno moja tu.

Saa kumi jioni Daktari Upendo alipita haraka na faili, akanitazama usoni, akapita, akarudi. Sijui aliona nini. Alipiga goti, akavuta soksi, akatoa kamera. Safari hii hakunionyesha kioo, lakini alikuwa chini yangu, nikaona mwenyewe. Mguu wa kulia ulikuwa papai. Wa kushoto ulikuwa zambarau iliyoiva, kutoka vidoleni hadi katikati ya muundi, kama nyumba iliyokatiwa umeme wakati jirani anao.

Akaweka vidole vyake juu ya mguu wangu kutafuta mapigo. Akavisogeza. Akavisogeza tena. Akavipeleka nyuma ya kifundo, akasubiri, midomo ikihesabu. Kisha akainuka akaita machela kwa sauti ambayo ilinyamazisha ukumbi wote, hata mzee wa kanga.

Walijaribu. Walijaribu jioni ile na kesho yake. Siku ya tatu daktari wa upasuaji, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akakaa, nami nikajua, kwa sababu katika siku zile mbili hakuna daktari aliyekuwa amekaa. Aliniambia wangekata chini ya goti, na kwamba goti ni zawadi kubwa, nitalishukuru baadaye. Nilimchukia kwa neno zawadi. Baadaye nililishukuru goti kila siku, kama alivyosema.

Nilisaini mwenyewe. Elia alikuwa amesimama dirishani akiwa amenipa mgongo.

Mtu hakwambii kuhusu shuka. Unaamka, unatazama chini, na shuka lina kilima upande mmoja, na upande mwingine limelala bapa hadi mwisho wa kitanda. Mimi nilitazama bapa lile hadi nikalizoea, na siku ya tano dole gumba lisilokuwepo likaanza kuwasha. Nilimwomba Perusi akune godoro pale ambapo lingekuwa. Akakuna, bila kucheka, kwa muda mrefu, na nilipata nafuu. Kulikuwa pia na mama wa usafi ambaye kila asubuhi aliugeuza uso wa kitanda changu kidogo kuelekea dirisha lenye mlima, akisema ukuta hautibu mtu. Nayaandika haya kwa sababu watu wakikuuliza ulivyopona watataka kusikia juu ya dawa.

Nilirudi nyumbani mwezi wa tisa, wakati wa upepo wa vumbi. Mara mbili kwa wiki nilikwenda kliniki ya vidonda kubadilisha bandeji. Kigutu kilikuwa kimevimba, na kazi yangu ilikuwa kukifunga kila siku kwa bandeji ya kuvuta ili kichukue umbo la kuingia kwenye mguu wa bandia. Mwanzoni nilikifunga kama mtu anayefunga zawadi asiyoitaka. Fundi mmoja wa Kizota alikuja kuchomelea vyuma vya kushikilia chooni. Alipima, akaniangalia, akapima tena.

"Mama, niweke vya kudumu au vya muda?"

"Unadhani utaota tena?"

Alitahayari hadi akadondosha futi yake, nami nikamcheka, na ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu mwezi wa saba. Elia hakucheka. Elia alikuwa anahesabu.

Mwalimu wa hesabu hawezi kuachia namba. Saa nne hadi saa kumi, saa sita. Alikuwa amemuuliza daktari wa upasuaji, akaambiwa kwamba kwa mguu uliokosa damu ghafla, saa kama hizo ndizo zinazoamua. Hakuweza kulala wala kula vizuri. "Alikuwa na mashine," aliniambia. "Alikuwa na mashine mkononi, ikamwambia mguu unaokufa ni mzima. Au mashine mbovu, au daktari mbovu." Mwezi wa kumi na moja, tukisubiri mvua ambayo haikuja kwa wakati, akaandika barua ya malalamiko kwa uongozi wa hospitali. Aliniletea niisome kwa sababu mimi ndiye mwenye lugha.

Niliisoma. Alikuwa ameandika kwamba mgonjwa aliulizwa maswali yote na akajibu kwa ukweli. Alikuwa ameandika kwamba daktari alionyesha kutokuwa makini. Perusi alikuwa mlangoni akichambua mlenda, mikono imesimama.

Nilichukua kalamu. Nilikata "kutokuwa makini", nikaandika juu yake "uzembe wa wazi". Nikasahihisha na nukta mbili.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini. Nilikuwa na hasira, na hasira inatafuta mtu, na mtu wa karibu zaidi alikuwa mimi, kwa hiyo nikamtafuta wa mbali. Hayo ndiyo maelezo yake kwa kifupi. Kwa mwandishi wa makala za kuwacheka watu, ni mafupi ya kusikitisha.

Barua ilijibiwa kwa heshima. Baada ya sikukuu ya Krismasi, nesi wa kliniki ya vidonda aliniambia, akiwa anakunja bandeji ya zamani, kwamba Daktari Upendo ameondolewa kwenye lile jaribio la picha, kwamba kamera imefungiwa kabatini, na kwamba mkataba wake ulipoisha aliondoka kwenda wilaya nyingine. "Alilia sana yule," nesi alisema. "Haya, inua kidogo." Nikainua.

Mvua zilinyesha, zikaisha. Mguu wa bandia ulikuja wakati wa zabibu, nikajifunza kutembea upya kwenye ukumbi wenye vyuma viwili, nikishikilia kama mtoto. Wiki ya kwanza ilinitoa damu, ya pili ikanitoa machozi, na kufika mwezi wa tano niliweza kwenda hadi duka la vifaa vya umeme na kurudi. Mwenye duka hakuniuzia feni. Alitoa kiti.

Ikaja tena baridi ya mwezi wa saba, na ndipo nikagundua kuhusu Perusi. Alikuwa anaoga maji ya baridi. Asubuhi, kwenye upepo ule, nilimsikia bafuni akivuta pumzi kila kopo linapomwagika. Nilidhani gesi imeisha. Gesi ilikuwepo. Siku moja kigutu kilikaza kwa baridi, nikamwomba anichemshie maji kidogo nikikande kwa kitambaa, kama kliniki walivyoniruhusu.

"Muombe kaka," alisema.

"Kaka yuko Chamwino. Perusi, kuna nini?"

"Mimi na maji ya moto basi."

Alikuwa amesimama jikoni, mgongo umeegemea sinki. Akaniambia, polepole, kwamba ni yeye. Kwamba aliyachemsha, na aliponiuliza benchini nikasema hawakuuliza, angeweza kuinuka akawaambia, hatua kumi tu, na akakaa kwa sababu nilimwambia akae. Kwamba mama mmoja wa kanisani ambaye mwanawe ni nesi alimweleza jinsi maji yanavyoweza kuidanganya picha. Alikuwa na jambo hili tangu mwezi wa pili. "Ningesimama tu," alisema. "Kila siku najiona nimekaa."

Nilimwacha mtu huyu abebe kitu changu miezi mitano, tena akioga barafu.

"Waliuliza," nikasema.

"Nini?"

"Daktari aliniuliza. Maji ya moto, aliyataja hivyo hivyo. Nikasema hapana."

Perusi aliacha kuegemea sinki. "Kwa nini?"

"Alikuwa ameisoma ile makala yangu. Alikuwa ameipenda."

Sikutegemea angeelewa, lakini alielewa mara moja, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sitaisahau. "Kwa hiyo mimi naoga barafu," alisema, "kwa ajili ya gazeti?"

Hakusema nami kwa siku tatu. Aliniwekea chakula, akaondoka. Siku ya nne alichemsha maji, akayaweka mezani mbele yangu, akasema, "Ijumaa kaka anakuja. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Nilimwambia. Nilidhani Elia angepiga kelele, ningependa angepiga. Alikwenda akaleta nakala ya ile barua, akaitandaza, akaweka kidole juu ya maneno "uzembe wa wazi".

"Hili si langu," alisema.

"Ni langu."

"Mimi nilikuwa nimeandika kutokuwa makini."

"Najua, Elia."

"Ulikuwa umeketi hapo hapo." Akaikunja barua katika mikunjo iliyo sawasawa, akatoka nje, akakaa kwenye baraza hadi jua likazama upande wa milima. Jumatatu alipeleka barua nyingine hospitalini, mistari minne, na hii hakuniletea niisahihishe.

Nesi wa kliniki ndiye aliyemtafuta Daktari Upendo kwa ajili yangu. Sikuomba namba, niliomba aulizwe kama yuko tayari kunisikia. Akajibu kwamba angepiga mwenyewe, Jumapili baada ya ibada. Nilikaa sebuleni tangu saa nne nikiwa nimevaa kama ninayetembelewa. Ilipopita saa saba simu ikaita.

"Shikamoo mama. Ni Upendo."

"Marahaba, mwanangu." Nilikuwa nimeandaa maneno, ni kazi yangu kuandaa maneno, na yote yalitoka kwa mpangilio mbaya. Nilimwambia kuhusu beseni, jiwe la kusugulia, mafuta, soksi. Nilimwambia kwamba aliuliza na nikasema hapana. Nilimwambia kuhusu barua na neno nililoongeza kwa mkono wangu.

Kuku walisikika upande wake.

"Kuhusu maji najua, mama," alisema. "Niliitazama tena ile picha ya kwanza kesho yake. Joto lilikuwa limekatika juu ya vifundo. Miguu yote miwili, usawa mmoja, mstari umenyooka. Damu haichori mstari ulionyooka. Yale yalikuwa maji."

"Kwa nini hukusema? Walipokuita, kwa nini hukuwaonyesha?"

"Niseme nini? Kwamba mgonjwa alinidanganya? Mstari ulikuwepo tangu saa nne, mimi ndiye sikuuona. Na sikuweka vidole. Kamera haizuii mtu kuweka vidole, mama, tulifundishwa hivyo siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa naongea na mwandishi." Akacheka kidogo, kicheko kile kile, kikiwa kimechoka. "Nilikuwa nasubiri uniulize jina la ukoo, labda siku moja uniandike."

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na nilishukuru kwamba hakusema kwa haraka. Halafu nikauliza kilichokuwa kimenifanya nikae sebuleni tangu saa nne.

"Ningesema ndiyo. Saa nne ile, ningesema ndiyo, miguu imetoka kwenye maji. Mguu ungebaki?"

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimejibiwa swali hili bila kuuliza. Wachungaji, majirani, ndugu wa Mpwapwa, wote walinijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu na nani ajuaye.

"Ndiyo," alisema Daktari Upendo. "Vidole viwili tungevikosa, pengine vitatu. Mguu ungebaki."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Perusi, ambaye alikuwa amejifanya anapanga vikombe, aliacha kupanga.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Na wa kulia je?"

"Wa kulia uko salama."

"Mama." Alitamka neno hilo kama mtu anayefunga mlango nyuma yake. "Inama uushike sasa hivi. Nasubiri."

Niliinama. Nilivua kiatu, nikaushika mguu kwa kiganja, kisha nikashika goti, kisha nikarudi chini. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta la kusema. Marumaru zilikuwa palepale.

"Ni wa baridi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili. Karibu tatu."

"Kesho saa moja asubuhi uwe pale idara ya dharura. Nampigia mwenzangu aliye zamu sasa hivi, nitamwambia aanze na vidole vyake, si kamera. Na mama, tafadhali..."

"Sitauosha," nikasema.